Niliowauliza Badala Yako, Baba

Baba yangu,

Walio hai huulizana hali kwanza. Yako nimemwachia Mwenyezi Mungu. Yangu ni uchovu, basi. Leo Ijumaa, tumeshakula, Mama kajilaza chumbani, na mimi nimekaa barazani nakuandikia kwa sababu yapo mambo ambayo sina mwengine wa kumwambia.

Mama amemaliza eda. Amekonda. Asubuhi huwahi foleni ya mchele, akirudi hukaa jikoni bila ya kuwasha moto. Fidla yako aliipandisha juu ya kabati siku ya pili ya matanga, akaifunika kanga, na hapana aliyethubutu kuigusa. Klabuni kwenu kwa taarabu viti vingi vitupu. Waliokwenda Mombasa hawakurudi, waliokwenda Uarabuni ndiyo kabisa.

Mimi nimemaliza skuli, Baba. Nimeletewa barua, nimepangiwa kusomesha watoto Fumba. Unakumbuka kila nilipokuuliza kama mtu anaweza kuishi kwa fidla hii uliyonifundisha, ulikuwa ukiniambia, "Maliza skuli kwanza, halafu tutazungumza." Nimemaliza. Wewe hukuwepo tukazungumza. Ikanibidi nikawaulize wengine kabla sijajibu ile barua ya Fumba.

Nilianza kwa rafiki yako, Ami Haidar, aliyekuwa akipiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, pamoja nawe klabuni. Nilimkuta kwake Malindi, kakaa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nikamwamkia, nikamwuliza moja kwa moja: wapigaji hulipwa na nani, nani huwaita, na mtu akizeeka hubaki na nini. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, miaka yote hii hapana aliyewahi kuniuliza hayo." Halafu akanitazama. "Sisi hatukuwahi kulipwa kitu cha kulisha nyumba. Mimi nilikuwa bandarini. Baba yako ulidhani mpiga fidla? Alikuwa karani wa forodha, akipiga fidla jioni."

Iliniuma. Forodhani nilijua ukienda, lakini skuli nzima nilikuwa nikijisifu kuwa baba yangu ni mpiga fidla.

Ndipo aliponihadithia la Dar es Salaam, ambalo hukuwahi kunambia. Kwamba kabla hujamuoa Mama ulipata kazi ya kupiga hotelini, kazi hasa, kila siku, ukarudi Unguja hata mwezi haukutimia. Ami alikuuliza kama umefukuzwa. Ukamjibu, "Sikufukuzwa. Nimechoka kupigia watu wanaotafuna."

Nilicheka, Baba. Kisha nikalia njia nzima mpaka Mkunazini, watu wakidhani nimefiwa tena.

Baadaye nikamwendea Masudi, jirani yetu, yule fundi wa mitambo wa redioni. Yeye alinijibu kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu. Wapigaji wapya hawaajiriwi. Pengine wangetaka msichana wa kutunza kanda. Akanichukua nikaone chumba chenyewe: kanda zimepangwa hadi darini, joto, harufu ya vumbi. Akaweka moja kwenye mashine. Kabla ya nyimbo kuanza nikasikia fidla inatiwa sauti, halafu kikohozi, halafu wewe: "Haya, tayari."

Ilikuwa sauti yako yenyewe. Nilishika meza.

Masudi akaniuliza kama niko tayari aniombee nafasi. Nikamwambia ahsante, kazi ni nzuri, lakini mimi siiwezi. Kukaa kutwa na sauti za waliokwisha kuondoka? Hapana. Siiwezi, Baba, usinilaumu.

Wa mwisho alikuwa Bi Zuhura wa Ng'ambo, mwenye kile kikundi cha taarabu ya kina mama. Wana ngoma, wana kodiani, fidla hawana. Alinisikiliza huku akichambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Maswali yako mengi, bibi. Jumamosi tuna harusi. Njoo na fidla, utajijibu mwenyewe."

Nikamwomba Mama fidla. Mama akasema, "Mwanamke na fidla! Watu watasemaje, na baba yako hata kaburi halijakauka?" Sikubishana naye, sina nguvu za kubishana. Asubuhi ya Jumamosi nikaikuta fidla kitandani pangu, kanga imeondolewa, na yeye keshatoka.

Harusi ilikuwa ya mchana, wanawake peke yao, ukumbi umejaa udi na jasho. Tulingojea mno. Mwimbaji alichelewa. Alipokuja, tukarudia kiitikio kimoja tena na tena, kwa kuwa wanawake hawakwisha kupanda kumtunza pesa. Bega liliwaka moto. Nikakosea. Nikakosea tena. Bi Zuhura, bila ya kunigeukia, akaninong'oneza, "Endelea, hapana anayekusikiliza wewe."

Na kweli hapana aliyenisikiliza. Nikaendelea. Pale katikati, Baba, nikapita kitambo kizima sikukumbuka kuwa umekufa. Nilipokumbuka nilikuwa bado napiga, na mkono haukusimama.

Nilirudi nyumbani nimechoka hata kuvua viatu siwezi. Mama alikuwa mlangoni. Akaniuliza kama nimekula. Nikatambua kuwa katika wote niliowauliza sikumwuliza yeye, na yeye ndiye aliyeishi na muziki wako. Basi nikamwuliza: ilikuwaje, Mama, kuwa mke wa mpiga fidla?

Akaanza kupakua wali.

"Ilikuwa kungoja," akasema. "Ukisikia miguu ngazini, unapasha chakula. Lakini baba yako akitoka forodhani huingia amenuna, akitoka klabuni huingia uso umekunjuka. Mimi nikaona bora ningoje." Halafu akasema, kama mtu anayesema jambo dogo, "Ila ukumbini sijawahi kumsikia. Hakunichukua. Na mimi sikuomba."

Sikujua, Baba. Sijui kama wewe ulijua.

Jumatatu napanda gari la shamba kwenda Fumba, nimeikubali kazi. Kila Jumamosi nitakuwa kwa Bi Zuhura, na wanaotaka kusema waseme. Mungu akulaze pema, akusamehe, na akufanyie wepesi huko uliko. Mimi nakuahidi jambo moja tu, kwani mengi sitayaweza: harusi ijayo nakwenda na Mama. Nitamweka mbele kabisa, kwenye kiti.

Mwanao,
Salma