Barua Niliyochapa Bila Kosa

Baba yangu uliyelala makaburini Kapolowe,

Naogopa. Humu ndani sina wa kumwambia, basi nakuambia wewe.

Unakumbuka ule ubao wa karatoni? Shuleni, sekisheni ya biashara, wasichana tulikuwa wengi na mashini za kuchapa chache. Ukakata karatoni ya boksi, ukachora vifungo vyote vya mashini kwa makaa. Ukirudi kutoka tanuru za chokaa za Kakontwe, nyusi nyeupe pee, unakaa mbele yangu na kunisomea gazeti polepole, mimi napiga vidole bila kutazama. Mama anacheka: "Anapika ngoma ya bubu!" Nawe unamjibu: "Acha. Huyu ataikala mu biro, kazi ya ofisi. Vumbi haitamuingia mu mapafu." Halafu unakohoa mpaka machozi yanakutoka.

Vumbi lilikuchukua wewe. Matanga hayajaisha vizuri, mtu wa kampani akaja kutukumbusha kwamba nyumba ni ya mfanyakazi, si ya marehemu. Tungebaki tu kama mmoja wa watoto wako angeajiriwa. Mwenye shule ni mimi. Tangu hapo Mama hali, na kila nikirudi kutoka kuulizia kazi kampani ananipokea mlangoni: "Leo nayo, balikuita?"

Jana waliniita. Mkuu wa biro hakunitazama hata usoni. "Citoyenne, chapa," kama wanavyoita kila mwanamke siku hizi, akaanza kunisomea kile Kifaransa kigumu cha ofisini. Nikachapa kama tulivyozoea, masikio kwake, vidole vikienda vyenyewe, mpaka nikafika mwisho bila kujua nimechapa nini. Akaichukua karatasi, akaipitia. "Kosa haiko hata moja. Utaanza Jumatatu."

Akanirudishia, nami ndipo nikasoma. Ilikuwa barua ya kumwambia mjane atoke katika nyumba ya kampani, yeye na watoto wake. Mahali pa jina palikuwa wazi. Nikamuuliza kwa sauti ndogo ni ya nani. "Jumatatu utaanza na huyu," akanitajia jina la Mama Ngoie, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule ambaye marehemu mume wake mlikuwa naye tanuruni. Watoto wake bado wadogo wote, hakuna wa kuajiriwa.

Nikikataa, pale mlangoni wamepanga foleni wasichana wengine, na sisi tunatoka. Nikikubali, tunabaki, na yeye anatolewa kwa vidole vyangu. Baba, nimeshindwa hata kusali.

Mama sijamwambia. Aliposikia nimepata kazi alipiga vigelegele, mtaa mzima ukajua. Mama Ngoie akaja mbio na sahani ya bukari, ugali wa moto, na samaki, akanikumbatia kwa nguvu, akalia kwa furaha. "Mutoto yetu!" akasema. "Sasa tuko na muntu wetu kule mu biro. Weye utatusemea."

Nikamwambia aksanti. Nikala, baba, huku ananitazama.

Pumzika huko kwa amani. Jumatatu inakuja.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.