Najisi ya Watu wa Juu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bosi Okullo wa mradi wetu wa maji amenipa kazi mpya. Tangazo la spika, litazungushwa kwa pikapu huku kwetu Makindye. Chemchemi ya bondeni imepimwa, maji yana vijidudu, watu waache kuyatumia bila kuchemsha. La Kiganda limeshaandikwa na mtu mwingine. Mimi ni Kiswahili – kwa familia za askari na polisi, kwa Wakongo, kwa sisi Wakenya. Yaani majirani zangu! Kuandika na kusoma, sauti iwe yangu. Nimefurahi kama mtoto.

Shida ni neno moja. Pollution. Bosi akauliza mbele ya ofisi nzima, Kiswahili chake ni nini, si wewe ndiye Mkenya wetu? Nikasema, uchafuzi. Akasema, si huo ni uchafu tu umeongezewa mkia? Wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto.

Jioni nikapitia kwa Concy. Mjane wa askari, Mwacholi, anakaa kwenye vile vyumba vya mabati vya wajane vilivyo juu kidogo tu ya chemchemi. Anakaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, na kuuza chai. Mwaka jana nilipougua malaria ni yeye aliyenipandishia uji hadi kwenye ghorofa letu, kila asubuhi, na mlima ule! Ananiita lamera. Sisi Wajaluo tunasema nyamera. Dada yangu.

Nikamuuliza, ukisikia "uchafuzi wa maji" unaelewa nini?

Akawaza, mwiko mkononi. "Si ni mutu muchafu ameingia kwa maji?"

Nikacheka. Akacheka na yeye. Nikajiambia, haelewi. Nitafute neno lenye nguvu zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Kazi haikwenda. Nimeshinda kwenye intaneti nikichimba neno hilo hilo. Siwezi kujizuia!

Warusi wamelitoa kwenye tope. Wajerumani kwenye uchafu wa kawaida, ule wa kufagia. Waarabu kwenye kupaka, kama mkono wenye mafuta ukigusa ukuta. Wahindi wanasema pradushan, na ndani yake mna dosh, yaani kosa, kasoro. Waganda wana obucaafu – ndugu wa neno letu, wala halihitaji paspoti. Na Waingereza nao! Zamani pollution haikuwa habari ya mito wala moshi. Ilikuwa ni kutia unajisi hekalu au mwili wa mtu. Viwanda na mito vilikuja baadaye sana.

Nikamwita Pitshou wa meza ya jirani aje aone. Yeye ni Mkongo, anafanya matangazo ya Kilingala na Kifaransa. Akasema kwao kuna mbindo. Takataka ni mbindo, na mhubiri akipanda jukwaani dhambi pia ni mbindo. Akasema hilo yeye haligusi. Ataweka neno dogo tu la uchafu. "Moreen, wewe angalia. Neno ya kanisa ikishika mutu, haitoki."

Nikamwambia, wewe ni mwoga.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Msalaba wa majivu kipajini, asubuhi, kanisani Lubaga. Kisha moja kwa moja ofisini kurekodi.

Karatasi ya Kiingereza inasema maji yamechafuliwa na vyanzo vilivyoko juu ya mteremko. Vyanzo! Nani atasikia "vyanzo" kwenye spika mbovu, boda zinapita? Nikaandika hivi: Ndugu wananchi, maji ya chemchemi yamenajisiwa. Najisi inatoka kwa watu wa juu. Chemsheni kabla ya kutumia.

Bosi akapiga meza. Hiyo! Nataka washtuke!

Nikasoma kwa ile sauti yangu ya chini, ya redio. Pitshou alikuwa mlangoni. Niliona anatazama majivu yangu, nikajifuta kwa kiganja. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake, kila mtu yuko nyumbani. Pikapu imepita mara kadhaa. Mwanzo nilisimama dirishani nikijisikia mtu mkubwa. Sauti yangu ikipiga kwenye mabati na kurudi! Yamenajisiwa, wa juu, wa juu.

Halafu jioni nikashuka kununua kabalagala.

Ni Ramadhani, na saa kama hiyo wateja wa futari huwa wamejazana kwa Concy. Hakukuwa na mtu. Beseni limejaa, limefunikwa kitambaa cheupe. Concy amekaa, mikono mapajani.

Mama Kaltumi, yule mama wa Kinubi ambaye kila mtu humu anamheshimu, alikuwa mlangoni kwake anawaeleza wanawake wenzake. Nimesikia kwa masikio yangu. Kwamba uchafu unaoshwa na maji, lakini najisi ni jambo lingine, inaharibu wudhu, inaharibu swala. Na kwamba serikali yenyewe imesema inatoka kwa wale wa juu. Akanyoosha kidole.

Juu ya chemchemi kuna nini? Vyumba vya wajane. Basi. Ndivyo mtu anavyoona akiinama kuteka maji. Hayo maghorofa yetu yako kileleni kabisa, nani atayafikiria?

Nilinunua kabalagala nyingi, nikapanda nazo. Sijaila hata moja.

Jumapili, 9 Machi

Padri amehubiri juu ya ulimi. Nikatoka kabla ya komunyo.

Jumatatu, 10 Machi

Ayaa, binti yake Concy, amerudi kutoka shule mapema, sketi imeraruka. Watoto wanamwita Najisi. Si jina la kumtania – ndilo jina lake sasa. Mwalimu akiita Ayaa, darasa linajibu Najisi. Akampiga mmoja, akafukuzwa yeye.

Concy alikuwa anashona ile sketi nilipofika. Beseni lilikuwa limeinamishwa ukutani. Mtu amemwaga mchanga kwenye unga wake, jana alipokuwa kanisani.

Akasema bila kuinua uso, "Ile sauti ya gari, lamera. Inafanana na yako."

Nikasema, sauti nyingi za Wakenya zinafanana.

Nikasema!

Akakata uzi kwa meno. "Ee. Mimi niliwaambia. Nikasema Moreen hawezi."

Kwa hiyo walishajua. Wenzake walishaitambua sauti yangu, na yeye akanitetea. Nilikaa pale nikanywa chai yake. Nilikunywa hadi mwisho ili mkono wangu uwe na kazi.

Jumanne, 11 Machi

Sijaenda kwa Concy. Nimezunguka kwa njia ya juu, ile ndefu, ili nisipite mlangoni pake.

Jumatano, 12 Machi

Bonny, fundi wetu wa maji, amekaa mbele yangu wakati wa chakula. Akauliza, wewe unakaa yale maghorofa ya kileleni, si ndiyo? Nikasema ndiyo. Akasogeza sahani.

Amekuwa akipima tena. Vyoo vya wale wajane havifiki chemchemi, ardhi pale inaelekea upande wa barabara. Kitu kinatoka mbali zaidi. Anafikiri ni bomba la maji taka lililopasuka chini ya maghorofa. "Siyo wale mama," akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda. "Ni nyumba yenu ndiyo inareta."

Nyumba yetu. Choo chetu. Choo changu, na kigae cha bluu, na ile dawa ya kunukia maua.

Niliporudi nyumbani nilivuta maji, nikasimama nikitazama yakizunguka na kwenda zake. Nimekaa humu zaidi ya mwaka. Sikuwahi kujiuliza yanakwenda wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwendea bosi. Nimesema turudie tangazo, turekebishe, tuseme si wajane. Akauliza, una ushahidi? Mwenye maghorofa ni mtu mzito, tukimtaja bila ushahidi ofisi itafungwa. Mimi nikasema, lakini wale mama tumewataja bila ushahidi. Akanikata. Nani aliwataja? Karatasi ya Kiingereza inasema vyanzo. Watu umewaweka wewe. Najisi umeiweka wewe.

Ni kweli. Alisema pole pole, hata hakukasirika. Afadhali angefoka.

Pitshou alisikia yote. Sikutaka huruma yake, hakunipa. Alifungua kompyuta yake, akanionyesha. Watu wa Iceland, huko kwenye barafu, wanasema mengun. Limetokana na kuchanganya. Kitu kimechanganyika na kingine, basi. Hakuna mchafu, hakuna kosa, hakuna hekalu.

Maji yamechanganyika na maji ya choo. Maneno haya ninayo tangu utotoni! Hata mtoto angeyaelewa. Mama Kaltumi angeyaelewa. Sikuyaona kwa sababu hayakuwa na mshindo, na mimi nilitaka mshindo. Nilitaka bosi apige meza.

Ijumaa, 14 Machi

Bonny amekuja baada ya kazi, na chupa ndani ya mfuko. Ni rangi ya kijani, haidhuru mtu, mafundi wa maji huitumia. Unaimwaga chooni, halafu unasubiri. Ikitokea chemchemini, hakuna tena wa kubisha. Bosi hajui. Bonny alihitaji tu mtu wa kumfungulia mlango wa ghorofa.

Nilimfungulia. Akanikabidhi chupa, akasema, ni choo chako, mwaga wewe.

Kijani kikali, kama majani mabichi ya mgomba jua likiyapiga. Nikavuta maji. Kikaenda.

Nikamuuliza, tukawaambie watu wa bondeni kwanza? Wasije wakaogopa. Akasema nayo hiyo ni kweli, lakini tukisema leo mwenye nyumba atapata habari na kuleta mafundi wa kuziba. Yeye atafika mapema kesho, kabla watu hawajaanza kuteka, na ataeleza mwenyewe. Nikakubali. Tena nilikubali haraka. Ataeleza yeye! Si mimi!

Nikiwa na Bonny pale getini Concy akapita na mzigo wa kuni. Akanisalimia kama kawaida. Akauliza kama malaria imerudi, maana nimekonda.

Jumamosi, 15 Machi

Maji ni ya kijani.

Nimeona kutoka dirishani. Si kidogo – mfereji wote, kutoka mdomo wa chemchemi hadi kwenye matete. Bonny hajafika. Nimempigia, simu imezimwa. Nimempigia tena. Nimempigia Pitshou, yuko Nakasero sokoni, anasema anatafuta boda, nisubiri.

Watu wamejaa kule chini. Madumu yametupwa. Kuna mwanamke analia kwamba mtoto wake ameshakunywa. Sauti ya Mama Kaltumi inapanda juu ya zote, anaita mwenyekiti wa mtaa aje. Na wamemleta Concy. Wamemsimamisha kwenye lile jiwe la kufulia. Mtu ameshika beseni lake juu, anawaonyesha wengine ndani yake, sijui anawaonyesha nini. Wanasema amefua nguo za dawa. Wanasema uchawi. Wanasema lile neno. Ayaa amemshika mama yake kiuno kwa mikono miwili.

Maneno ninayo. Nimeyapanga tangu alfajiri. Ni rangi tu. Haina madhara. Nimeimwaga mimi kwenye choo changu. Maji yenu yamechanganyika na maji ya vyoo vyetu sisi wa ghorofani. Na ile sauti ya gari ni yangu. Kiswahili chepesi kabisa, hakuna hata neno moja la kutafuta.

Concy ameniona dirishani. Ametoka katikati yao, hakuna aliyemzuia, wanamkwepa tu asiwaguse. Anapanda. Yuko getini sasa. Hana viatu.

"Moreen! Lamera! Kuja unisemee! Wewe unajua kuongea, wewe watasikia!"

Wengine wanapanda nyuma yake. Mlinzi anauliza, mnamtaka nani? Anamjibu, dada yangu, iko ndani.

Nimevaa kiatu kimoja. Kwa nini ninaandika? Kalamu niliishika lini?

Anaita tena. Naelekea mlangoni, daftari bado mkononi. Makomeo yamefungwa, la juu na la chini. Niko humu peke yangu. Ni mimi nimeyafunga, sasa hivi, na sikumbuki –