Waya wa Usukani wa Kushoto

Gisenyi, Jumanne, 1999

Eti fundi. Fundi wa mdomo!

Gari hili marehemu baba alirudi nalo kutoka Tanzania, usukani uko kulia, na mji mzima unajua. Asiyejua ni Deo peke yake, mchumba wa mdogo wangu Chantal. Alijitolea kutununulia waya mpya wa klachi kwao Goma, akaleta wa magari ya huko, ya usukani kushoto.

Leo akajilaza chini ya gari, akavuta, akatukana, akavuta tena. Waya haukufika kwenye pedeli. Ulibaki mfupi, upana wa kiganja hivi.

"Bon," akasema akijifuta oili, "waya iko muzuri. Ni voiture yenu iko mubaya. Usukani iko fasi ya abiria!"

Akashauri tuhamishe usukani. Usukani mzima, kwa ajili ya waya! Niliingia jikoni nisije nikamtolea maneno.

Chantal amejifunzia udereva kwenye gari hili hili. Alipokuja kuchota maji ya Deo ya kunawa, nikamuuliza kwa nini hakumkumbusha kabla hajavuka mpaka.

"Nilimwambia, dada. Akaniambia, we unajua nini ya voiture."

Alisema hivyo huku anacheka. Mimi sikucheka, na mpaka sasa ninapoandika hapa bado...

Harusi ni Jumamosi. Waya tutaurudisha dukani kesho. Na Deo je?