Moto Usiopika Kitu

Tosamaganga,
Iringa.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Philbert,

Kamwene. Habari za Mbeya na kazi? Wifi Eveline na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu, ingawa mwili wangu umechoka kupita umri wake.

Jiko la gesi ulilomletea Mama wakati wa Pasaka linafanya kazi vizuri. Chai inachemka kabla hajamaliza kuosha vikombe, na kile kikohozi kilichokuwa kikimkunja kilikwisha kabisa, kama daktari alivyosema kwamba ni moshi tu. Wanajumuiya walipokuja kusali aliwaonyesha, akawa anawasha na kuzima kama mtoto. Nilifurahi sana siku ile.

Lakini kizuri hakikosi ila. Unaikumbuka mbegu ya Mama, yale mahindi meupe aliyoachiwa na bibi? Mwezi wa saba tuliyafunga na maganda yake tukayatundika darini juu ya mafiga kama miaka yote, katika jiko la nje ambalo lilikuwa halijawashwa tangu Pasaka. Hakuna aliyewaza, si mimi wala Mama.

Mwezi uliopita nilipanda kuyashusha. Nilipogusa fungu la kwanza, unga ulinimwagikia usoni. Wadudu wa dumuzi walikuwa wamekula, sehemu kubwa yamebaki magunzi. Mama alikaa chini akachambua mpaka jua likazama. Hakulia. Alisema tu, "Moshi ule ulikuwa na kazi, Veneranda. Mlidhani unapita tu."

Najua utasema tununue mbegu ya dukani. Nimeshamwambia. Anasema ya dukani bila mbolea haikupi kitu, na kila mwaka unarudi dukani tena, na hii ya bibi ikikatika imekatika.

Basi moto umerudi. Unafuka mchana kutwa chini ya mafungu machache yaliyosalia, bila sufuria juu yake, na huku ndani gesi inapika. Ulipokuja na watu wa mradi wenu mlitueleza jinsi chakula kinavyochafua hewa, kuanzia mbolea shambani, lori la kwenda sokoni, hadi jikoni kwetu. Sasa ongeza kwenye hesabu zenu nyumba ya wanawake wawili yenye majiko mawili. Kuni bado nazibeba mimi kutoka bondeni.

Nimenunua pia ule mfuko usiopitisha hewa anaousifia bwana shamba. Mama ametia humo nusu ya mbegu. Nusu nyingine amekataa, mpaka aone ya mfukoni imeota. Simlaumu. Mwaka huu ameshaamini kitu kipya mara moja.

Ningeomba uje kabla ya mvua uongee naye wewe. Gesi aliipokea kwa sababu ilitoka kwako, labda na mbegu yote ataitia mfukoni. Mimi maneno yangu amekwisha kuyazoea.

Mwanzoni moto aliuchochea mwenyewe, na kikohozi kikamrudia ndani ya wiki. Nikamkataza kuingia jiko lile la nje. Alikubali kwa sharti moja, kwamba moto usizimike. Kwa hiyo nakaa nao mimi, na kuni ninazopata sasa ni mbichi, moshi wake haupandi.

Wasalimie wifi, watoto, na Baba mdogo Ambrosi ukimwona kanisani. Mama anakusalimu sana, anasema usisahau sala. Mungu awalinde huko na atupe mvua ya kutosha sote.

Mama hakohoi tena, Philbert. Siku hizi nakohoa mimi. Ukipiga simu usimwambie, anadhani ni mafua ya vumbi. Akijua, atarudi jikoni mwenyewe.

Dada yako akupendaye hata akichoka,
Veneranda