Udi wa Bibi Harusi na Panya Weupe

Jumatatu, 4 Agosti
Maji nimebadilisha. Maranda ya vizimbani nimebadilisha. Panya jozi kumi na mbili, hakuna hata jozi moja iliyopandana. Madume wamejikunyata pembeni, majike hawana habari nao. Wiki ya tatu hii, tangu nirudi kutoka fungate. Daktari Njeri, mkuu wa maabara, amesema wazi: mwezi ukiisha bila mimba hata moja, chumba hiki cha kuzalishia panya kinafungwa. Na kazi yangu ndiyo hicho chumba. Naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Daktari ameanza kuchukua vinyesi vya panya kila siku, apime humo homoni ya hofu. Subhanallah! Kiumbe hajai kiganja, hofu yake inasomeka kwa namba. Ikipanda, hamu ya kupandana inazimika. Mwili wenyewe unakataa: huu si wakati wa watoto. Chakula cha mchana sikukigusa kwa kuwaza hilo.

Jumanne, 12 Agosti
Majibu yametoka. Homoni iko juu kila siku, isipokuwa Jumapili. Jumapili ni zamu ya mwenzangu Kombo. Basi ni mimi. Miaka minne nawalea, kumbe wananiogopa! Nimelia chooni.

Jumatano, 13 Agosti
Nimejua. Udi. Tangu niolewe, kila asubuhi nafukiza buibui, nywele, hadi leso. Somo yangu, aliyenifunda, alisema bibi harusi hatoki bila kunukia. Mume wangu anafurahi. Panya roho zinawatoka. Nimemwambia Daktari, nimejawa haya. Hakucheka. Kasema niache tuone. Aliyewaka ni somo: "Yaani panya ndio wakuvunjie ndoa?" Buibui nimelifua mara mbili. Nimeoga sabuni isiyo na harufu.

Jumamosi, 16 Agosti
Kizimba cha tano, jike ana alama ya kupandana. Nimeangalia mara tatu. Kisha cha tisa! Nilibana kigelegele kooni, nisije nikawatisha tena.

Jumatano, 27 Agosti
Matumbo yanaonekana. Chumba hakifungwi. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 5 Septemba
Kizimba cha tano, watoto wanane. Wekundu, hawana manyoya, macho bado yamefumba. Ngozi nyembamba hata maziwa waliyonyonya yanaonekana tumboni, doa jeupe. Nimesimama pale, miguu imekataa kuondoka. Mama yao amenitazama kidogo. Kisha akaendelea kunyonyesha.