Mandolini Mbili Nyuma ya Mgongo wa Baba

3 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Nasikia na wewe siku hizi unapeleka mandolini ulizounda duka lilelile ninalouzia zangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini wa fundi si lazima awe fundi. Jumamosi nitakaa nimewapa mgongo, mwenye duka apige yako na yangu. Nikichagua yako, nitasema mbele ya watu kuwa wewe ni fundi, na karakana utaichukua. Usije. Uso wako utanikera.

Baba

11 Machi

Shikamoo baba,

Magoti yanaendeleaje? Mwenye duka amenisimulia yote. Alipiga ya kwanza, ukasema hilo ni sanduku la viatu lililofungwa nyuzi. Alipiga ya pili, ukasema, "Huo sasa ndio mkono wangu." Ulipogeuka, sanduku la viatu lilikuwa lako. Wateja walicheka, nami niliposimuliwa nilicheka, sikufichi. Karakana baki nayo. Nataka lile neno tu.

Binti yako

19 Machi

Binti,

Marahaba. Mandolini yako nimeinunua, nikaipasua kwa patasi. Ubao wa mbele umeukwangua mpaka umekuwa mwembamba kama ganda la yai, jambo nililokukataza tangu ulipoanza kushika randa. Karakana nimempa kaka yako, ambaye hajui tofauti ya gundi na uji. Neno hulipati.

Baba

27 Machi

Shikamoo baba,

Kaa kitako usome. Masikio yako yalianza kufa mama akiwa hai, naye aliniapisha nisikwambie. Miaka sita, kila ulipolala mchana, nilizikwangua mbao zako zipate sauti, kabla hujazitia gundi. Sifa ulizopewa miaka hiyo zilikuwa zangu. Na Jumamosi ile hukuichagua yangu kwa ujuzi. Uliichagua kwa sababu ndiyo unayoweza kuisikia bado. Mama alitaka ufe hujui. Mimi nimechoka.

Binti yako

30 Aprili

Binti,

Marahaba. Hali yangu si mbaya. Mandolini za miaka hiyo nilikuwa nimebakiza saba ukutani. Nimezipasua moja moja na kupitisha kidole ndani. Zote zimekwanguliwa.

Leo asubuhi nilikwenda dukani, nikasema mbele ya kaka yako, mwenye duka na wateja wote kuwa wewe ni fundi kunishinda. Basi neno lako umelipata. Siku nikifa, usije kunizika.

Baba