Nepi za Pendo Hazina Kosa

Lipangalala, Ifakara
Jumapili, asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka, mayu, Kisukuma sijakisahau, usije ukasema nimeshageuka Mndamba wa huku. Goti lako limepoa? Na baba, kifua kinamruhusu kulala? Sisi tu wazima. Pendo ametimiza miezi sita, ana meno mawili, na ninaandika huku nimembeba mgongoni, kwa hiyo mstari ukipinda ujue ni yeye. Baba yake bado yuko Mlimba kwenye reli. Anakuja mwisho wa mwezi na nguo zake za grisi, mtoto anamlilia kama mgeni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mjomba Lukasi akishauza pamba atakuja kumchukua Pendo umlee wewe, mimi nibaki na kazi, kwa sababu umesikia nimekatazwa kumleta mtoto kazini. Aliyekuambia hakusema uongo, ila alikupa nusu ya habari. Nusu nyingine ni hii.

Unajua nafanya usafi na kufua kwenye nyumba ya mradi wa mpunga. Chumba cha mbele ni ofisi, vyumba vya nyuma anaishi bosi wetu, Bwana Festo. Mwaka huu wameletewa kompyuta inayotuma barua kwa waya wa simu. Usicheke. Dada Koleta, karani wetu, anaandika, kompyuta yenyewe inapiga simu Dar es Salaam, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha barua inakwenda. Ndiyo wanaita intaneti. Mwanzo barua moja ilichukua dakika mbili tatu. Baada ya masika ikawa nusu saa, tena ikifika katikati simu inakatika, Koleta anaanza upya.

Kosa langu sikufichi. Nguzo ya simu uani ililala kwa mvua, waya ukashuka mpaka mkono unafika. Kamba yangu ya kuanikia ikijaa, nepi zilizobaki nilizitupia pale. Zilikauka vizuri, upepo unapita.

Basi akaletwa fundi kutoka Dar, kijana wa viatu vinavyong'aa. Akainua mkono wa simu sebuleni, akasikiliza, akasema, "Laini inakaanga." Akatoka uani, akakuta nepi nne. Hakutafuta tena.

"Bosi, intaneti yako imeanikiwa nepi."

Walicheka wote wawili. Bwana Festo alipomaliza kucheka akanigeukia. "Mama Pendo, mwezi huu ukiisha mtoto simtaki hapa. Ukishindwa kumwacha, kaa naye nyumbani."

Niliomba radhi. Nikafunga kamba ya pili, ya katani, mbali na waya, na tangu siku hiyo hata kitambaa cha pua sijautupia. Wiki ikaisha, intaneti ni ile ile. Nikamwambia Bwana Festo. Akasema, "Uzito wa nepi umeshauharibu waya."

Hapo ndipo nilipokasirika, mama. Usiku mtoto, mchana ndoo, nafua mashuka ya watu na nepi za mwanangu kwa mikono hii hii, halafu naambiwa mwanangu ndiye anayezuia barua zisifike Dar. Shule yangu iliishia la saba, lakini masikio ninayo. Nikawa kila nikipita sebuleni na ufagio nainua simu nasikiliza, kama alivyofanya yule fundi. Kweli ilikaanga, chaaa, kama maandazi kwenye mafuta. Asubuhi inakaanga, mchana inakaanga, mvua inyeshe isinyeshe. Ila Jumamosi nikiwa katikati ya usafi, nilisikiliza nikakuta imetulia, inatoa ule mlio wake mmoja tu. Nikamuuliza Koleta.

"Jumamosi barua zinaruka," akasema. "Si ofisi za Dar zimefungwa? Njia nyeupe."

Lakini Jumamosi ndiyo siku yangu kubwa ya kufua. Yaani siku ambayo ule waya ulikuwa umejaa nepi kuliko siku zote, ndiyo siku barua zilikuwa zinaruka. Nikajiuliza, Jumamosi nafanya nini kingine? Nafua, nachemsha maji, napiga deki chumba cha Bwana Festo. Nikipiga deki nasogeza kitanda, na sikirudishi mpaka sakafu ikauke.

Kitanda chenyewe ni cha chuma. Na mle chumbani fundi hakukanyaga, haingii mtu ila mwenyewe na mimi na ndoo yangu. Masika yalipoisha Bwana Festo alivuta waya kutoka sebuleni, akaupitisha chini ya mkeka, akaweka simu ya pili karibu na mto wake ili aongee na mkewe akiwa amejinyoosha. Mguu wa kitanda unaukalia ule waya. Nimeuona kila wiki, sikuwahi kuufikiria.

Jumanne Koleta alikuwa anahangaika na barua ambayo imekatika mara tatu. Nikamwambia, "Subiri nikuambie, ndipo uanze." Nikaingia, nikakisukuma kile kitanda. Bwana Festo akasikia chuma kikikwaruza, akaja.

"Nani kakutuma usogeze kitanda changu?"

"Nakisogeza kila Jumamosi, bwana. Leo nimewahi tu."

Kabla hajajibu, Koleta akasema kutoka mbele, "Imekwenda. Yote."

Nikamwomba bosi akirudishe mwenyewe. Akakirudisha. Koleta akajaribu nyingine, ikakatika. Nikaenda sebuleni, nikauchomoa ule waya wa chumbani kwenye tundu lake. Koleta akajaribu tena, ikakwenda. Bwana Festo akakunja mkeka, akautazama waya wake. Mguu wa kitanda ulikuwa umeula mpaka shaba inaonekana. Akaketi kitandani.

"Basi nitaweka waya mwingine," akasema.

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Huyu aliyeharibu intaneti."

Koleta alicheka mpaka akatoka nje. Bwana Festo akafikicha macho. "Akae. Lakini asilie nikiwa kwenye simu."

"Atalia, bwana," nikasema. "Ni mtoto."

Akanitazama, akaenda zake. Samahani hajasema mpaka leo, nami siisubiri. Pendo anakuja kazini kila siku, analala kwenye kikapu nyuma ya mlango wa ofisi, na Koleta anamtikisa kwa mguu huku anaandika.

Kwa hiyo, mama, najua unanihurumia, na najua ungemlea vizuri kuliko ninavyoweza. Lakini bado ananyonya, ni wangu, na nafasi yake hapa nimeipigania. Mwambie mjomba Lukasi asikate tiketi. Ukimtamani mjukuu, panda treni wewe, nitakupikia mchele wa Mchombe, mamake Koleta anatuletea.

Nisalimie baba, mwambie asivute tumbaku akidhani sijui. Nisalimie bibi anayetunza kuku wangu, kaka Masanja na mkewe, na mwalimu aliyenifundisha kuandika, mwambie kazi yake inaonekana. Mjomba naye, asinune.

Jana nimefua nepi kumi na moja. Nimezianika zote kwenye kamba yangu, mbele ya dirisha la Bwana Festo.

Mwanao akupendaye,
Mama Pendo

Hilo doa pembeni ni mkono wa Pendo. Ana uji, anakusalimu.